Gome la muiri hutuliza mkojo, lakini halitambui saratani

MZEE mmoja wa miaka 68, mkulima wa chai, aliletwa katika zahanati yangu saa nne za usiku akiwa amejikunja kwa maumivu. Tangu asubuhi hakuwa amepata hata tone la mkojo. Nilipomgusa tumboni, kibofu kilikuwa kimejaa na kuinuka hadi karibu na kitovu. Nilipompitishia mpira, mkojo wa zaidi ya lita moja ulitoka, na mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Baada ya hali kutulia, mwanawe alitoa mfukoni chupa ya plastiki yenye unga mwekundu. "Daktari," akasema, "Mzee amekuwa akichemsha hii na kunywa kwa miaka miwili. Ni gome la muiri. Na kusema kweli, ilikuwa ikimsaidia."

Sikuitupa chupa ile, wala sikumkaripia kijana, kwa maana alilosema lilikuwa kweli. Mzee alikuwa akiamka mara tano usiku, na baada ya kuanza kunywa dawa ile akawa anaamka mara tatu. Kwa hivyo hakuona haja ya kwenda hospitali. Tulipompima baadaye, tulipata kwamba uvimbe wa tezi dume yake ulikuwa wa saratani, nayo ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo.

Tangu siku hiyo, kila mwanaume aliyepita umri wa miaka 50 anapokuja kwangu kwa shida ya mkojo, mimi humuuliza kama anatumia muiri. Wengi hujibu kwamba wanautumia. Ndiyo maana leo ningependa tuutazame mti huu kwa mapana: ni mti gani, gome lake linafanya nini mwilini, halifanyi nini, na mtu anawezaje kuupanda badala ya kuuangamiza.

NI MTI WA NAMNA GANI?

Muiri ndilo jina la Kikuyu. Wameru huuita mweria, Wakipsigis tenduet, nao Waluhya wa sehemu za Kakamega huuita mwiritsa. Wanasayansi huuita Prunus africana. Zamani uliitwa Pygeum africanum, na hata leo tembe zake huuzwa ng'ambo kwa jina la pygeum. Ukiona jina hilo kwenye kichupa, jua kwamba ni huu huu muiri wetu.

Mti huu ni wa ukoo mmoja na waridi. Ndugu zake wa karibu ni miti ya plamu, pichi na lozi, ingawa hiyo yote ina asili yake nje ya bara hili. Muiri wenyewe una asili yake hapa Afrika. Humea milimani, katika misitu yenye baridi na mvua ya kutosha, kuanzia Kameruni hadi Ethiopia, na kusini hadi Afrika Kusini, na pia katika kisiwa cha Madagaska. Hapa Kenya utaupata kandokando ya Mlima Kenya, katika safu ya Nyandarua, msitu wa Mau, Mlima Elgon na msitu wa Kakamega.

Muiri uliokomaa huwa na urefu wa mita 10 hadi 25, na ukiwa mahali pazuri msituni unaweza kupita mita 30. Gome lake ni zito, la rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, nalo limepasukapasuka vipande vipande. Majani ni ya kijani kibichi yanayong'aa, yenye meno madogo ukingoni, na kikonyo chake aghalabu ni chekundu. Ukitaka kuhakikisha, chukua jani, lifikiche kiganjani kisha ulinuse. Utasikia harufu kali ya lozi chungu.

Harufu hiyo si ya kupuuzwa. Hutokana na kemikali ambayo, jani au mbegu inaposagwa, hutoa sumu ya sianidi. Mti huitumia kujikinga dhidi ya wadudu na wanyama. Kwa hivyo watoto wasiachwe watafune mbegu zake, hata kama tunda lenyewe lina rangi ya kuvutia.

Maua ya muiri ni madogo, meupe na yenye harufu nzuri, na nyuki huyapenda sana. Matunda ni madogo pia, ya upana wa sentimita moja hivi, na yakiiva hugeuka kuwa ya zambarau iliyochanganyika na kahawia. Kima na ndege kama hondohondo huyala na kuzitupa mbegu mbali na mti mama. Hivyo ndivyo muiri unavyosambaa msituni. Mahali ambapo kima na ndege wamefukuzwa, mbegu huangukia chini ya mti mama na miche mingi hufa kwa kukosa mwangaza.

JINSI GOME LILIVYOFIKA ULAYA

Wazee wetu walilitumia gome la muiri kwa maumivu ya tumbo, kifua na homa. Mifugo nao walinyweshwa maji ya gome. Mbao zake nzito zilichongwa mipini ya mashoka na vinu. Huko kusini mwa Afrika, wenyeji walilitumia kwa shida za mkojo, na habari hizo zikawafikia Wazungu.

Mwaka wa 1966, Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya kutengeneza dawa ya tezi dume kutokana na gome hili. Dawa hiyo ikauzwa Ufaransa kwa jina Tadenan, nayo mahitaji ya gome yakapanda. Kuanzia miaka ya 1970, magunia kwa magunia ya gome yalitoka Kameruni, Madagaska na baadaye nchi nyingine, Kenya ikiwemo, kuelekea viwanda vya Ulaya. Miti mingi ilichunwa ikakauka, na mingine ilikatwa kabisa ili gome la matawi ya juu lifikiwe kwa urahisi.

Kutokana na hali hiyo, tangu mwaka wa 1995 muiri umo katika orodha ya pili ya CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Maana yake ni kwamba gome haliwezi kuvushwa mpaka wa nchi bila kibali kinachoonyesha kwamba uvunaji wake hautaumaliza mti. Mwaka wa 2007, Umoja wa Ulaya ulisimamisha kwa muda uagizaji wa gome kutoka Kameruni kwa sababu uvunaji ulikuwa umepita kiasi.

TEZI DUME NI KITU GANI?

Ili kuelewa kazi ya gome hili, lazima kwanza tuielewe tezi dume. Hii ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, na kila mwanaume anayo. Kijana ana tezi yenye uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Tatizo ni mahali ilipo. Mrija wa mkojo kutoka kwenye kibofu hupita katikati yake, kama uzi unavyopita katika ushanga.

Mwanaume anapozeeka, tezi hii huelekea kukua. Karibu nusu ya wanaume waliofikia miaka 60 huwa na ukuaji huo, na kufikia miaka ya 80 ni wengi zaidi. Inapokua huubana mrija. Mzee huanza kusubiri kabla mkojo haujatoka, mkojo hutoka kwa nguvu ndogo au kwa kukatikakatika, huhisi kwamba bado umebaki, na usiku huamka mara kwa mara. Ukuaji wa kawaida wa namna hii si saratani, wala haugeuki kuwa saratani.

Lakini saratani ya tezi dume huanzia katika tezi hiyo hiyo, na ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Kenya kwa wingi zaidi. Mwanzoni haina dalili yoyote. Inapoanza kuleta dalili, mara nyingi dalili zenyewe ni zile zile: kuamka usiku, mkojo dhaifu, kusubiri. Mgonjwa mwenyewe hana njia ya kutofautisha, na hata mimi daktari siwezi kutofautisha kwa kusikiliza maelezo peke yake.

Isitoshe, si kila anayekojoa mara kwa mara ana shida ya tezi dume. Kisukari humfanya mtu akojoe mara nyingi. Maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya kibofu huleta dalili zinazofanana. Kuna pia wanaume ambao mrija wao umekuwa mwembamba kwa sababu ya kovu la kisonono cha miaka mingi iliyopita. Hao wote gome la muiri haliwatibu, na wengine wao hupoteza miezi mingi wakilinywa.

GOME LINASAIDIA KIASI GANI?

Swali hili limechunguzwa. Mwaka wa 2002, shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, lilichapisha ripoti iliyojumlisha majaribio 18 yaliyowahusisha wanaume 1,562 wenye tezi iliyokua kwa kawaida. Waliopewa dawa ya muiri walikuwa na uwezekano wa mara mbili zaidi wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa tembe zisizo na dawa. Kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kwenye kibofu ulipungua kwa asilimia 24, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Madhara yalikuwa madogo, hasa kichefuchefu na matatizo ya tumbo kwa watu wachache.

Kwa hivyo mwana wa yule mzee hakudanganya. Lakini ripoti hiyo hiyo ilitoa tahadhari. Majaribio mengi yalikuwa madogo na mafupi, kwa wastani ya miezi miwili hivi, na vipimo vya dawa vilitofautiana. Hakuna aliyeonyesha kwamba dawa hii huizuia tezi isiendelee kukua, au humkinga mtu asije akafungika mkojo kabisa. Ndiyo sababu miongozo mingi ya madaktari wa mkojo haiiweki katika dawa za kutegemewa.

Na zaidi ya yote, majaribio hayo yaliwahusu wanaume ambao walikuwa wamekwisha kupimwa na kupatikana hawana saratani. Neno hilo ndilo lililokosekana katika habari ya yule mzee. Alichukua matokeo ya watu waliopimwa akayatumia kwa mwili ambao haujapimwa.

CHAI YA GOME SI SAWA NA TEMBE

Jambo jingine ambalo wauzaji wa sokoni hawalisemi ni kwamba dawa iliyofanyiwa majaribio haikuwa gome lililochemshwa. Vitu vinavyodhaniwa kuisaidia tezi ni vya jamii ya mafuta, kama vile kemikali iitwayo beta-sitosteroli. Vitu hivyo haviyeyuki vyema katika maji, kama vile samli isivyoyeyuka katika maji ya baridi. Viwanda huvitoa katika gome kwa vimiminika vya kikemikali, kisha huondoa vimiminika hivyo na kubakisha kiini kizito. Mgonjwa hupewa miligramu 100 za kiini hicho kwa siku.

Katika hesabu za biashara hii, takriban kilo 2,000 za gome bichi hutoa kilo 1,000 za gome kavu, na hizo hutoa kilo 5 tu za kiini. Mtu anayechemsha kipande cha gome nyumbani hajui amepata kiasi gani cha dawa, kama amepata chochote. Pia hajui amechemsha kiasi gani cha zile kemikali zenye harufu ya lozi chungu. Isitoshe, unga mwekundu ulio ndani ya chupa hauwezi kutambuliwa kwa macho. Unaweza kuwa wa muiri, au wa gome la mti mwingine kabisa.

Ikiwa unalitumia gome hili, usimfiche daktari wako. Hatutakufukuza. Tunahitaji kujua ili tusije tukadhani nafuu uliyopata inatokana na dawa nyingine.

NENDA HOSPITALI LINI?

Mwanaume yeyote aliyepita miaka 50 mwenye shida ya mkojo anafaa kupimwa kabla ya kunywa dawa yoyote, ya kiwandani au ya msituni. Ikiwa baba yako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani ya tezi dume, zungumza na daktari mapema zaidi, ukiwa katika miaka ya 40, hata kama huna dalili.

Vipimo vyenyewe si vya kutisha. Daktari atakuuliza maswali, atapima mkojo na sukari, na atachukua damu kwa kipimo kiitwacho PSA. Kipimo hicho si kamilifu, kwani kinaweza kupanda kwa sababu ya ukuaji wa kawaida au maambukizi, lakini husaidia kuonyesha nani anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kisha ataipima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Najua wazee wengi hukataa jambo hili kwa aibu. Huchukua muda usiofika dakika moja, hufanyiwa faraghani, na kidole kinaweza kugusa kigingi kigumu cha saratani ambacho hakuna dalili yoyote iliyokionyesha.

Usingoje hata siku moja ukiona yafuatayo: mkojo umefungika kabisa, kuna damu katika mkojo, una homa na maumivu unapokojoa, una maumivu ya mgongo au nyonga yasiyoisha, hasa usiku, au miguu imeanza kupoteza nguvu. Mkojo ukizuiliwa kwa muda mrefu hurudisha shinikizo nyuma na kuharibu figo.

Ikipatikana kwamba ni ukuaji wa kawaida, kuna dawa. Tamsulosini hulegeza misuli inayoubana mrija, na wengi huona nafuu baada ya siku chache. Finasteridi huipunguza tezi polepole kwa miezi kadhaa. Zisiposaidia, kuna upasuaji unaopitia ndani ya mrija bila kupasua tumbo. Mzee mwenyewe naye anaweza kujisaidia kwa kupunguza chai, kahawa na pombe nyakati za jioni. Pia awe mwangalifu na dawa za mafua zinazouzwa madukani bila maagizo ya daktari, kwa sababu baadhi yake hukaza mrija na huweza kumfungia mkojo kabisa.

MTI UNAVYOKUFA

Sasa turudi kwa muiri wenyewe, kwa maana nao ni mgonjwa.

Chini tu ya gome la mti kuna utando mwembamba unaoteremsha chakula kilichotengenezwa na majani hadi kwenye mizizi. Hiyo ni kama mishipa ya damu ya mti. Mtu anapochuna gome kuuzunguka mti mzima, anaikata mishipa yote kwa pamoja. Mti haufi siku hiyo. Majani hubaki kijani kwa muda, na aliyechuna hujipa moyo kwamba hakuna ubaya. Lakini mizizi imenyimwa chakula. Baada ya muda matawi ya juu huanza kukauka, kisha mti mzima hufuata. Atakayekuja kutafuta dawa mwaka ujao atakuta kuni.

Fikiria hesabu hii. Mti mkubwa uliochunwa kwa utaratibu mzuri hutoa takriban kilo 55 za gome bichi. Ukifuata ule uwiano wa kiwandani nilioutaja, kiini chake kinamtosha mgonjwa mmoja kwa karibu miaka minne. Kisha mti unahitaji kupumzishwa kwa miaka mitano au zaidi kabla ya kuchunwa tena. Wanaume wenye tezi iliyokua ni mamilioni. Ni wazi kwamba miti ya msituni peke yake haiwezi kuwatosha, hata kama kila mmoja angefuata sheria. Na sheria ipo: chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016, kuchuna gome katika msitu wa umma bila kibali ni kosa.

Jawabu ni kupanda.

JINSI YA KUUPANDA

Muiri hufaa sehemu za nyanda za juu zenye mvua ya milimita 900 au zaidi kwa mwaka, na udongo mzuri usiotuama maji. Wakulima wa chai, kahawa na maziwa wanaweza kuupanda mpakani mwa shamba, ambako pia utazuia upepo na kuwalisha nyuki.

Shida kubwa ni mbegu. Mbegu ya muiri si kama ya mahindi au maharagwe, ambayo huanikwa juani na kuwekwa ghalani. Ikikauka hufa. Wengi huikausha kwa nia njema, huipanda baada ya miezi mitatu, kisha hulaumu udongo.

Fanya hivi: okota matunda yaliyoiva na kugeuka zambarau. Yafikiche ndani ya maji uondoe nyama yake. Tandaza mbegu kivulini, mahali penye hewa, zipungue maji ya juu tu. Kisha zipande bila kukawia, ikiwezekana wiki hiyo hiyo. Zifukie kwa udongo mwepesi kitaluni, weka kivuli cha nyasi, na umwagilie maji bila kuzigharikisha. Uwe na subira, kwani mbegu huchukua wiki nne hadi nane kuota.

Muiri hauzai sana kila mwaka, na ukipandwa kwa mbegu aghalabu huchukua miaka 15 hivi kuanza kuzaa. Ukikosa mbegu, tafuta miche iliyojiotea chini ya mti mkubwa katika shamba la jirani, kwa ruhusa yake. Ing'oe ikiwa midogo, pamoja na udongo wake, asubuhi au siku ya mawingu, na uitie katika mifuko ya kitaluni. Unaweza pia kuulizia mbegu na ushauri katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, iliyo na kituo cha mbegu za miti huko Muguga.

Mche ukifika urefu wa sentimita 30 hivi, punguza kivuli polepole ili uzoee jua. Upeleke shambani mwanzoni mwa mvua za masika. Chimba shimo la kutosha, changanya udongo na mbolea ya samadi iliyooza, na uache mita tatu au zaidi kati ya mti na mti. Muiri unapenda mwangaza, kwa hivyo usiufiche chini ya mikaratusi. Palilia miaka miwili ya kwanza, na uuzungushie ua mbuzi wasiufikie.

KUCHUNA BILA KUUA

Mti hauko tayari kuchunwa kabla ya shina kufikia upana wa sentimita 30, jambo ambalo huchukua miaka 12 hadi 15 au zaidi. Wakati huo ukifika, gawanya mzunguko wa shina katika robo nne. Chuna robo mbili zinazotazamana, kuanzia usawa wa kifua hadi tawi la kwanza, na uziache zile nyingine mbili kabisa. Inua gome taratibu bila kuukwaruza utando laini ulio chini yake, kwa maana huo ndio utakaolizalisha gome jipya. Rudi baada ya miaka isiyopungua mitano kuchuna robo zilizobaki, ikiwa zile za kwanza zimefunikwa vyema. Mizizi usiiguse.

Unaweza kuuliza: mwanaume wa miaka 50 atafaidikaje na mti utakaochunwa akiwa na miaka 65? Atafaidika na kivuli, asali na ua wa mpakani. Gome litamfaa mwanawe, au kuuzwa kwa kufuata sheria. Nasi madaktari tungefurahi kuona muiri ukipandwa mashambani, ili siku utafiti utakapotupa dawa bora zaidi kutokana nao, mti uwepo.

Yule mzee niliyeanza naye hajafa. Anadungwa sindano za kuipunguza nguvu saratani, na maumivu ya mgongo yametulia. Haitaondoka kabisa, na hilo nilimweleza waziwazi yeye na mwanawe. Aliponiuliza kama muiri ndio uliomletea ugonjwa, nilimjibu, "La, Mzee. Muiri haukukudhuru. Ulikutuliza, nawe ukaacha kuuliza unaumwa nini."

Mwanawe ana miaka 44. Wiki iliyofuata alirudi peke yake, akafunga mlango, akaniambia amekuja kupimwa.